Kikao cha Kumzika Egisto

Ilipofika saa mbili asubuhi, siku ya tatu tangu Egisto Vatteroni afariki, kiti cha mwenyekiti kilikuwa bado kitupu.

Kilikuwa kiti kizuri, cha mti wa chestnati, chenye mikono. Wanaume ishirini na wawili walikuwa wamejaa jikoni kwa Narda. Wengine walikalia ngazi, wengine gunia la unga, mmoja alikalia ndoo iliyofunikwa na akajuta. Kile kiti walikiepuka kama kimetapikiwa. Hawa walikuwa waanarkisti, watu wasiotaka mfalme, bosi wala papa, na mtu akikalia kiti cha mbele leo, kesho atataka kengele, keshokutwa atataka askari. Basi kila aliyetaka kusema alisimama, akakigeukia kiti kwa mazoea, akakihutubia. Kiti ndicho kilichosikiliza kwa adabu kuliko wote.

Narda alikuwa mezani, anakata mkate. Jina lake kamili lilikuwa Comunarda, alilopewa na babake kwa heshima ya wale wa Paris waliowatimua mawaziri mjini. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mikono minene, na tumbo lililokuwa likipanda na kushuka tangu juzi kwa sababu ya harufu. Chini ya miguu ya waheshimiwa wote, katika chumba cha chini, babake alikuwa amelazwa juu ya bamba la marumaru, katikati ya mahori matatu ya mawe ambamo Narda alihifadhi shahamu ya nguruwe kwa chumvi, rozimeri na kitunguu saumu. Shahamu hiyo aliwauzia wachimbaji wa marumaru pamoja na mkate. Hakukuwa na mahali pengine penye ubaridi katika kijiji chote cha Tecchiana. Lakini ilikuwa Agosti, na hata marumaru huchoka siku ya tatu.

"Narda, dada yangu," alisema mmoja aliyekuwa kwenye ngazi, mdomo umejaa, "hii shahamu ni ya hori lipi?"

"La kushoto."

"Ahaa. Na mzee amelala kichwa upande gani?"

"Kushoto."

Yule bwana alitafakari, kama mtu mwenye msimamo anavyopaswa kutafakari. Kisha akaomba kipande cha pili.

Narda alimkatia. Alijisemea kwamba siku hiyo ikiisha hatakula tena kitu chochote chenye mafuta hadi afe, na akifa watamzungushia kikao pia.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Kabla ya kukata roho, babake alimshika mkono akamwambia kwa kifua kilichojaa vumbi la mawe: "Nisipitishwe kwa padri, Narda. Wakinipitisha, nitarudi nikutapikie kwenye unga." Narda aliahidi. Halafu karani wa afya wa manispaa akaleta karatasi: mwisho ni saa sita mchana siku ya tatu. Marehemu awe chini ya ardhi, la sivyo udugu wa parokia utamchukua na kumzika kwa taratibu zake. Makaburi yalikuwa chini bondeni. Watu wa kumpeleka ndio hawa, wamekaa, wanatafuna.

"Narudia," alisema Isauro Menconi, mkata mawe mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko inavyofaa kwa mpinzani wa anasa. Alikiinamia kiti kidogo. "Miezi miwili iliyopita wenzetu walikutana Rome. Wamesema tuungane, tuwe na shirikisho. Nimeandika katiba ya tawi letu, ibara arobaini na moja. Maziko ya komredi Egisto yawe kazi ya kwanza ya tawi. Wabebaji sita, kwa majina. Wanne wa bendera. Mmoja wa hotuba."

"Na huyo mmoja ni nani?" aliuliza Oreste Bernacca, fundi viatu.

"Nimejitolea."

"Sikilizeni!" Bernacca aliinuka, makombo yakamwagika kifuani. "Wabebaji kwa majina! Leo unanipangia jeneza, kesho unanipangia mke. Mimi nitabeba nikisukumwa na moyo wangu, si na orodha yako."

"Moyo wako umekusukuma tangu juzi, Oreste, na bado uko hapa unakula."

"Unajiandaa!"

"Egisto alikuwa wetu. Alihudhuria mikutano yetu yote ya shirikisho."

"Alilala kwenye mikutano yenu yote. Kwetu alikuja mara saba."

"Na kwenu hakulala?"

Bernacca alijipangusa makombo. "Alilala pia. Lakini kwetu alilala kwa hiari."

Watu kumi na tisa walikuwa upande wa Menconi, watatu upande wa Bernacca. Mahali pengine hesabu hiyo ingemaliza mazungumzo. Hapa ndipo yalipoanzia. Bernacca hakutambua wingi wa kura, maana wingi ni mfalme mwenye vichwa vingi. Menconi naye hakutaka kuwaburuza wachache, maana angekuwa amemthibitisha Bernacca. Kwa hiyo watu kumi na tisa wenye nia moja waliwasubiri watatu wapate nia ileile, na watatu wakasubiri kuburuzwa ili wapate kulalamika. Nzi hawakuwa na msimamo wowote. Walishuka chini, wakapanda juu, wakatua kwenye mkate.

Shangazi Teofila, dada wa marehemu, alipanda kutoka chini na chupa ya siki mkononi na kitambaa puani.

"Siki imeisha," alimwambia Narda. "Na amebadilika rangi, mwanangu. Nisikuambie rangi gani."

"Usiniambie, shangazi."

"Kama zaituni."

"Nimekuambia usiniambie!"

"Padri Ubaldo ana watu wanane," shangazi alisema, akiwatazama wale wanaume mmoja mmoja. "Wanane tu. Wanabeba, wanazika, wanarudi kula. Hawajajadili chochote tangu babu zangu wazaliwe."

"Ndiyo hatari yenyewe, mama!" Bernacca aliruka. "Huko ndiko shirikisho linakoelekea. Watu wanane waliofunikwa nyuso!"

"Wewe ungefunikwa hata mdomo ningeshukuru," alisema shangazi, akashuka tena.

Saa nne Padri Ubaldo alifika. Alipanda ile njia ya ngazi za mawe, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, na nyuma yake wawiliwawili wakaja ndugu wanane wa parokia, kanzu nyeusi, kofia nyeusi zenye matundu ya macho, na machela begani. Walisimama uani bila kuambiwa, kwa mstari ulionyooka kiasi cha kukera. Narda aliwaangalia kutoka mlangoni. Hawa aliwachukia tangu utotoni, na ndio peke yao waliokuja kufanya kazi.

"Pole, binti yangu," alisema padri. "Nina karatasi ya karani."

"Zimebaki saa mbili nzima, Padri."

"Sina haraka. Nitasubiri."

Akaingia jikoni. Alikuwa mzee, na mlima ulikuwa mkali. Alitazama huku na huku akitafuta pa kukaa. Kulikuwa na kiti kimoja tu kisicho na mtu. Akakikalia.

Wanaume ishirini na wawili, maadui wa kila kiti cha enzi duniani, walimtazama padri amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, ananyoosha miguu, anaipangusa shingo. Narda alingoja mmoja wao aseme: Padri, inuka hapo. Alimtazama Menconi. Menconi alimtazama Bernacca. Bernacca alitazama dari.

"Mwambieni ainuke," Narda alisema.

"Hatuwezi," Bernacca alinong'ona, kwa uchungu wa kweli. "Itakuwa ni kutoa amri."

"Tungeweza kupendekeza," alisema Menconi. "Lakini hoja ya wabebaji bado iko mezani. Ibara ya tisa. Hoja moja kwanza."

Basi wakaendelea na hoja moja kwanza. Na hapo likatokea jambo ambalo Narda hakuwahi kumsamehe yeyote kati yao, mpaka uzeeni. Kwa kuwa walishazoea kukihutubia kiti, waliendelea kukihutubia. Msemaji wa kwanza alisimama, akageuka, akamkuta padri, akameza mate, akasema. Wa pili akasema. Padri alikuwa mtu mstaarabu. Aliitikia kwa kichwa. Wawili waliposimama pamoja na kuzomeana, aliinua kidole.

"Mmoja mmoja, wanangu. Wewe wa kwenye ndoo, tukusikie."

Wa kwenye ndoo akasema.

"Asante. Sasa huyu mwenye ndevu. Kwa kifupi, tafadhali."

Na Menconi, Isauro Menconi aliyewahi kukaa gerezani miezi minane kwa kumwita askofu kupe, alifupisha. Kikao kilikwenda vizuri kuliko siku zote tatu. Padri aliuliza kama kuna mwenye jambo jipya. Bernacca alinyoosha mkono. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, na padri akamwambia asubiri zamu yake, naye akasubiri.

Narda aliweka kisu chini. Kitu kilimpanda kooni, chachu, na hakikuwa harufu ya chini wala shahamu. Ni wao. Akatoka mbio, akawapita wale weusi wanane, mpaka ukingoni mwa mteremko nyuma ya nyumba. Hapo akainama akatapika.

Alipoinua kichwa, akiwa amejishika magoti, aliziona kamba.

Zilikuwa zimelala mahali pake, tatu, nene kama mkono, zimezungushwa kwenye vigingi vilivyochimbiwa ndani ya mwamba. Pembeni kulikuwa na rundo la mihimili ya mti, na sleji ya magogo mawili yaliyochongwa ncha. Kwa njia hii marumaru iliteremshwa kutoka mlimani: jiwe la tani ishirini juu ya sleji, mihimili iliyopakwa sabuni ikitandikwa mbele yake, kamba zikilegezwa nyuma kidogo kidogo. Mbele ya jiwe, uso kwa uso nalo, husimama mtu mmoja. Yeye ndiye anayesema. Akisema shika, mnashika. Akisema legeza, mnalegeza. Hakuna anayeuliza ibara ya ngapi, kwa sababu anayechelewa nukta moja anakwanguliwa kwenye mawe kwa jembe. Kwa miaka ishirini na miwili mtu huyo wa mbele alikuwa Egisto Vatteroni. Mteremko ule ulishuka moja kwa moja mpaka nyuma ya ukuta wa makaburi.

Watu walewale. Asubuhi hadi jioni, kila siku ya kazi, watu walewale walimtii babake bila neno, halafu jioni wakaja jikoni kujadili kama ni halali mtu kumwambia mwenzake afunge mlango.

Narda alijipangusa mdomo kwa aproni. Akajaza kifua.

"Mikonoooo!"

Ulikuwa mwito wa babake, ule wa kuanza kazi, wenye kupanda mwishoni kama mlio wa punda. Aliusikia tangu akiwa msichana. Ukagonga mwamba wa pili, ukarudi.

Jikoni vitu vilianguka. Si kiti cha padri. Gunia, ndoo, kila kitu kingine. Walitoka mlangoni wakisukumana, wengine na mkate mdomoni, na kabla akili zao hazijafika, miguu ilikuwa imeshafika. Watatu kwenye kamba ya kwanza, watatu ya pili, watatu ya tatu, waliobaki kwenye mihimili. Menconi alijikuta ameshika kamba ya kati, mahali pake pa miaka kumi na minne, karatasi ya katiba bado kwapani.

"Nani amepitisha..." alianza.

"Sita chini, mleteni," Narda alisema. "Ninyi sita. Sasa."

Wakashuka sita. Wakapanda na jeneza, nyuso wamezigeuzia pembeni, mmoja analia machozi ambayo hayakuwa ya majonzi. Shangazi Teofila alikuja nyuma, akilia yale ya majonzi. Wakalifunga jeneza kwenye sleji. Padri Ubaldo alitoka na kusimama mlangoni, peke yake, akiwa na sura ya mwenyekiti aliyekimbiwa na akidi.

"Sabuni?" Narda aliuliza.

Sabuni ilikuwa kwenye ghala la kampuni ya machimbo, na ghala lilikuwa na kufuli. Wakatazamana. Menconi alifungua mdomo, na Narda akajua akimwacha aseme patakuwa na kamati ya sabuni.

"Oreste!"

Bernacca ndiye pekee aliyesimama bila kazi. Fundi viatu hana nafasi kwenye kamba. "Mimi nitajitolea nikisukumwa na..."

"Shuka chini. Leta shahamu. Hori la kushoto, yote."

"Ile tuliyokuwa tunakula?"

"Ileile."

Oreste Bernacca, mtu asiyepangiwa, alishuka. Akapanda na mabonge meupe kumbatio zima, majani ya rozimeri yamemganda kifuani, akapiga magoti, akaanza kupaka mihimili. Alipaka kwa mikono miwili mpaka kwenye viwiko. Jua liliyeyusha mafuta yakamwagika kwenye suruali, na ile harufu ya kitunguu saumu na chumvi ikachanganyika na ile nyingine ya jeneza. Mara mbili aligeuka pembeni, akabeua vibaya, akarudi kupaka. Narda alimtazama na kwa mara ya kwanza siku hiyo akahisi kitu kinachokaribia heshima. Kilipita upesi.

Akaenda kusimama mbele ya jeneza, mgongo kwa bonde, uso kwa babake.

"Legeza!"

Kamba zililia. Jeneza likashuka hatua moja, laini, likapanda mhimili wa kwanza.

"Legeza! Mti! Legeza!"

Mhimili ulioachwa nyuma uliokotwa, ukapitishwa mkono kwa mkono, ukafika kwa Narda, akautandika mbele, mafuta yakimtiririka kwenye vidole. Hatua kwa hatua alirudi nyuma kuteremka, na babake akamfuata. Watu ishirini na wawili walikuwa kama mnyama mmoja mwenye kupumua, na jambo hilo lilimkasirisha kuliko yote, kwamba walikuwa wanaweza. Walikuwa wanaweza tangu juzi.

Katikati, penye mteremko mkali, shahamu ilizidi. Jeneza likaruka mhimili, likaja. Lilimjia usoni na harufu yake yote, nyuma kamba ya kati ikipiga kelele kwenye kigingi.

"Shika!"

Menconi alishika. Moshi mdogo ulitoka kwenye viganja vyake. Karatasi ya katiba ilimtoka kwapani, ikashuka kwa upepo ikanasa kwenye kichaka cha miiba. Hakuiangalia. Jeneza lilisimama shubiri moja kutoka kifuani kwa Narda, ubao mmoja umefunguka pembeni, na kutoka ndani kikadondoka kitu kimajimaji juu ya kiatu chake. Hakukitazama. Alihesabu pumzi tatu.

"Legeza," alisema. "Taratibu, wanangu."

Ndivyo babake alivyowaita. Wanangu. Hata wale waliomzidi umri.

Saa tano na nusu walifika nyuma ya ukuta, wakabomoa mawe mawili matatu, wakapitisha sleji kwenye ile pembe ya makaburi wanakozikwa wasiotaka padri. Narda alitazama chini akitafuta kaburi.

Palikuwa na nyasi.

"Nani alichimba?" aliuliza.

Wakakohoa.

"Hilo lilikuwa kwenye ajenda," alisema Menconi, akipuliza viganja. "Baada ya hoja ya wabebaji."

"Tulikubaliana kila atakayejisikia aje kuchimba," alisema Bernacca.

"Tulikubaliana? Ninyi watatu!"

"Na ninyi kumi na tisa, mlikuwa mnasubiri ibara?"

Sepeto zilikuwepo nne, zimeegeshwa ukutani. Juu kwenye njia ya ngazi aliwaona wale weusi wanane wakishuka wawiliwawili, bila haraka, machela tupu begani, na padri mbele na karatasi yake. Walihitaji nusu saa.

"Mikonoooo!"

Wakachimba. Wanne kwa zamu, wengine kwa mikono, kwa vipande vya mihimili, Bernacca kwa kiatu alichokivua. Shimo lilikuwa limefika magotini, kisha kiunoni mwa mtu mfupi, ndipo kengele ya kanisa ilipoanza kuipiga saa sita. Padri Ubaldo alisimama getini.

"Legeza!" Narda alisema.

Hakukuwa na haja. Jeneza lilikuwa limeloa shahamu pande zote. Waliliinua upande mmoja tu nalo likatoka lenyewe, likateleza kwenye udongo, likaingia shimoni kwa kishindo kizito kilichowarudisha wote hatua nyuma, mikono puani. Kengele ilikuwa haijamaliza kupiga.

Padri alitazama shimo, akatazama jua. Akaikunja karatasi ya karani mara nne, akaitia mfukoni, akawageuza watu wake wanane. Waligeuka wote kwa mguu wa kulia.

"Makomredi!" Menconi alisema, viganja vina malengelenge. "Mmeona? Hili ndilo shirikisho. Hii ni kazi ya kwanza ya tawi letu. Iandikwe."

"Iandikwe nini?" Bernacca alisema, ametapakaa mafuta mpaka masikioni. "Kuna aliyepiga kura? Kuna orodha? Kila mtu alikuja mwenyewe. Hii imethibitisha kwamba shirikisho halihitajiki."

"Uliitwa kwa jina!"

"Niliitikia kwa hiari!"

Mmoja alikuwa amekwenda kuitoa katiba kwenye miiba. Menconi aliipokea, akainyoosha, akamwendea Narda kwa unyenyekevu mkubwa.

"Dada Comunarda, tawi linahitaji katibu. Wengi wetu tungependa..."

Narda alizipokea zile karatasi. Aliziangalia. Mwandiko ulikuwa mzuri, na ibara zilipangwa kwa namba. Akajipangusa nazo kidole kimoja kimoja, kiganja, mgongo wa mkono, kisha akainama akafuta kile kilichokuwa juu ya kiatu. Akazirudisha.

"Asante," alisema.

Shangazi Teofila alimvuta shali. "Mwanangu. Niruhusu nimsomee sala moja tu. Fupi."

"Kimoyomoyo, shangazi."

"Atasikia?"

"Alikuwa hasikii hata ukipiga kelele. Soma."

Shangazi akafumba macho, midomo ikicheza. Narda aliokota sepeto na kuanza kufukia, kwa sababu shimo lilikuwa bado wazi na nzi walikuwa wameshafika kutoka Tecchiana. Nyuma yake, mtu alikuwa ameliona toroli la mlinzi wa makaburi. Walilisukuma mpaka kivulini, wakaliweka katikati, wakalizunguka, wakaanza kulihutubia. Hakuna aliyelikalia.